Kuanua

Kamba zangu ni nne, juu ya dari, Kibokoni.
Ndizo kalenda yangu. Sijanunua nyingine.

Kaskazi haina subira:
ukianika shuka, ukageuka kutafuta kibanio,
ukirudi imekakamaa kama chapati ya jana.
Miezi mitatu nilifua na kukunja, nikafua na kukunja,
nikawa tajiri wa jua, nikasahau ni la kukopa.

Kisha juma moja la Machi upepo ukapotea njia.
Maleleji. Kanzu zikaning'inia wima
kama watu kwenye foleni ya benki
walioambiwa mtandao umekatika.
Chini, Bi Khuleta aligombana na feni yake.
Wauza asumini wakashusha bei kabla ya magharibi,
maana ua lilichoka mapema kuliko mnunuzi.
Kunguru walikaa midomo wazi juu ya antena.

Mimi nilikuwa nikisikiliza kwa pua.
Huku kwetu mvua kubwa tunaiita Mwaka,
kana kwamba miezi mingine yote ni soga tu.
Haiji kwa macho. Huja na harufu
ya vumbi lililoshtuliwa usingizini,
ya chumvi, ya mfereji wa nyuma ya soko.

Jumanne, saa tisa, ikapiga.
Kanzu arobaini na moja za arusi ya Jumamosi
zote juu!
Nikapanda ngazi na kiatu kimoja.
Kuanua si kuvuna.
Unakumbatia watu wasiokuwemo,
mabega yao, makwapa yao, wote kwa mpigo,
na vibanio vinaruka kama panzi.

Usiku nililala chini ya arusi ya watu.
Nilitanda kamba chumbani, ukuta hadi ukuta,
pindo zikinigusa paji la uso,
kila moja ikidondosha maji kwa saa yake.
Ya mwisho, msumarini karibu na mlango,
namba kumi na saba, si ya arusi.
Ni ya Bwana Msellem wa mtaa wa pili,
aliyeileta kaskazi ya mwaka juzi, akasema,
"Niwekee, nitaipitia baada ya Ijumaa."
Ijumaa ikampitia yeye.
Hakuna aliyekuja na kikaratasi.
Mvua zikianza huota kuvu kwapani,
nami huifua, huipiga pasi, huirudisha msumarini,
simdai mtu.

Alfajiri akaja Chengo kuziba mabati,
kijana wa Kisauni, mwenye nyundo na maneno machache.
Alipanda mkavu, akashuka mto mzima,
meno yakigongana.
Shati lake nikalitundika karibu na makaa ya pasi.
Kisha nikanyoosha mkono, bila kufikiri,
au baada ya kufikiri miaka miwili,
nikamtolea namba kumi na saba.
Mabega yalimkaa. Mikono ilipungua vidole viwili.
"Ya nani hii?"
"Ya Kaskazi," nikamwambia. "Utairudisha Vuli ikipita."
Akacheka. Akatoka nayo mvuani,
ameipandisha hadi magotini,
akiruka vidimbwi kama anayevuka vitanda vya watoto waliolala.

Adhuhuri mvua ilisita.
Upepo mwingine, mgeni, ukafunga kwa kishindo
dirisha nililolizoea wazi tangu Disemba,
ukaenda kubisha lile la upande wa pili,
lenye komeo la kutu.
Nikalisukuma kwa bega. Likakubali.
Kanzu arobaini na moja zikatikisika pamoja, mara moja,
kama waliosikia jina la bwana arusi.
Nikagusa moja. Bado.
Nikagusa nyingine. Bado kidogo.

Msumari wa mlangoni u mtupu.
Nimetundika mwavuli.