Pijo ya Isevya

Nilipofungua boneti, nyuki ndio wenye nyumba,
masega yamejaa pale palipokaa betri.
Mihambo akasema, choma. Nikakataa.
Tukawafukiza usiku kwa tumbaku mbovu ya ghalani,
wakahama wakinung'unika.

Wiki tatu za msasa.
Kutu ikadondoka nyekundu kama vumbi la Sikonge,
na chini yake bluu, ile bluu
aliyoipangusa baba kila Ijumaa kwa kanzu kuukuu.

Redieta imezibuka. Feni imenyooka.
Grili nimeigonga mpaka ikakumbuka umbo lake.
Jicho la kushoto bado;
nimelitafuta hadi Nzega.

Nta sikuitupa: nimeipaka kwenye nati zote.
Injini ikipata moto inanuka asali,
na Mihambo, aliyetaka kuchoma,
ndiye anayeinama kunusa.