Mikebe ya Etelka

Miaka thelathini na minne nilikagua mabehewa
katika stesheni ya Püspökladány.
Behewa likiandikwa ngano, ndani mna ngano;
likiandikwa mbao, ukifungua,
harufu ya mbao inakupiga usoni.
Sikujua kwamba nyumbani kwangu, nyuma ya mlango wa stoo
nisioufungua ila kwa kutafuta mvinyo,
palikuwa na treni isiyofuata kanuni.

Mikebe tisa ya bati, zawadi ya harusi yetu,
rangi ya samli, maua yake mekundu yamechubuka.
KAHAWA, unasema wa kwanza. Ndani: hamira na kamba.
MCHELE: sukari laini, ile ya kunyunyizia.
CHAI: gome moja la mdalasini
na vifungo vya koti langu la kazi.
Na wewe, SUKARI, mnafiki mkubwa,
tumboni umebeba chumvi, kilo nzima, kavu kama changarawe.

Nilijua Jumamosi, siku ya kuzaliwa Lilla.
Mjukuu alitafuna, akatafuna, akaniangalia,
akameza kwa adabu aliyofunzwa na bibi yake.
"Babu," akasema, "keki yako ina bahari."
Nasi huku bahari tunaisikia redioni tu.

Nikampigia Ilka, dada wa marehemu.
Chumvi inatafuta nini kwenye sukari?
"Mfuniko wa ule mkebe ndio pekee unaobana," akasema,
"na chumvi ndiyo inayolia machozi kukiwa na unyevu.
Sukari ikiganda, unaigonga, basi.
Kila mtu anajua hilo, Jenő."
Kila mtu.
Nikakata simu, nikakaa juu ya gunia la viazi.

Halafu nikaleta kalamu ya wino mzito na karatasi za gundi,
nikaandika herufi kubwa, kama ubaoni pale stesheni:
CHUMVI. HAMIRA. VIFUNGO.
Kufika mkebe wa nane, mkono ukasita.

UNGA, umeandikwa, na ndani ni unga.
Mmoja katika tisa uliosema kweli.
Lakini katikati ya ule weupe kuna shimo,
shimo la kikombe chake,
kuta zake zimesimama wima,
na pembeni alama ya kidole gumba.
Alichota mara ya mwisho mwezi wa Oktoba,
alipoweza bado kusimama bila kushika meza.
Na ukingoni uzi mwembamba, kama wa buibui,
na funza mmoja mweupe
anatembea kana kwamba stoo ni yake.

"Tupa," akasema Ilka. "Osha mkebe kwa siki,
pitisha kitambaa kila ufa wa rafu, tia karafuu.
Tupa, Jenő. Huo si unga tena."

Sikutupa.
Ilikuwa Januari, nje nyuzi kumi na tano chini ya sifuri.
Niliubeba kwa mikono miwili,
mwendo wa mtu mwenye bakuli la supu lililojaa pomoni,
nikauweka uani juu ya pipa,
na jiwe juu ya mfuniko, kwa sababu ya paka wa jirani.
Baridi ya namna ile haisazi yai wala mzazi.
Usiku wa kwanza sikulala.
Wa pili nililala kidogo, na soksi miguuni.
Siku ya nne nikaurudisha ndani.
Shimo lilikuwepo.

Nilimtoa funza mfu kwa ncha ya kisu, na ule uzi wake,
kisha nikasimama, kikombe mkononi,
saa ya ukutani ikinihesabia.
Unga nao huzeeka. Ukiuhifadhi mno
unachacha kimyakimya, unanuka mafuta ya jana.

Nikachota. Upande wa pili.

Vimkate vyangu vilitoka vigumu,
Lilla akavichovya kwenye maziwa, akala vitatu.
Chumvi, safari hii, ilikuwa ya makusudi:
nimeitoa kwenye mkebe wa SUKARI,
ambao karatasi yake mpya
nimeibandua.