Lipu ya Bega

Mimi ni fundi lipu. Hull inanijua kwa dari zake.
Barabara ya Hessle, nyumba za matofali mekundu:
miaka kumi na mmoja nimetazama juu,
mwiko mkononi, chokaa kopeni.

Mwaka juzi bega lilichomoka nikishuka ngazi.
Wakalifunga kwa nyuzi na vijipini,
wakaacha mrija mwembamba ndani ya kiungo
udondoshe ganzi, tone, tone, siku mbili,
nisisikie kitu.
Na kweli sikusikia. Nililala kama mtoto aliyeshiba.

Leo Daktari Venkataraman amenigeuzia kioo cha kompyuta.
Gegedu, ananiambia, halipo tena.

Gegedu nalijua. Ni kile cheupe kiteleziacho
mwisho wa mfupa, ndani ya supu ya kongoro,
tulichokigombania na dada yangu Tunu mpaka tukachapwa.
Sikujua kwamba na mimi nilikuwa nacho.

"Huenda ni ile ganzi," anasema.
Anarudia "huenda", huku akitazama dirisha.
Basi dawa iliyonyamazisha mlio
huenda ndiyo iliyomla mlinzi,
na mimi asubuhi ile nilimshukuru muuguzi mara tatu.

Nilimwelewa kabla hajamaliza.
Lipu ikibanduka, tofali hukutana na mvua.
Kwangu mfupa umekutana na mfupa,
na usiku nikijigeuza unasaga mchanga usiokuwepo.

Akachukua bahasha, akachora mgongoni mwake, peni ikivuja.
Sindano: hutuliza miezi mitatu, au wiki tatu, au haitulizi.
Mazoezi: kamba juu ya mlango, mkono mzima ukimvuta mgonjwa.
Kurudi ndani na kamera na kufagia vifusi.
"Kufagia," alisisitiza, "si kujenga."
Au kipande cha gegedu la marehemu.
Hapo nikauliza jina lake.
Hatuambiwi, akasema.
Au kofia ya chuma, au bega zima jipya, chuma na plastiki,
"lakini una miaka thelathini na sita,
na vitu hivi huchakaa kabla ya mwenyewe."
Na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini,
kuugandisha mfupa na mfupa viwe kimoja:
maumivu huenda yakaisha,
mkono usipande tena.

Nikamuuliza wanavyoniuliza wateja:
ingekuwa dari ya kwenu, ungefanyaje?
Akacheka. Kisha akakaa kimya muda mrefu
kuliko mtu anayejua.
"Ningesubiri," akasema. "Nisingefurahi. Ningesubiri."

Kituoni, upepo wa mto Humber ukitukata masikio,
Mwanakombo akauliza: amesemaje?
Amesema subira.
Subira huvuta heri, mume wangu.
Ndiyo, nikamjibu, lakini huivuta kwa bega gani?
Alicheka hadi basi likatupita.

Ijumaa wananipa pole, wananigonga begani,
lilelile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Siwalaumu. Nami niliwahi kuwabeba wengine kwa kidole kimoja.

Dari sasa anapiga Declan, kijana wa miaka ishirini.
Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, namwelekeza:
bonyeza, usiogope, ishike kabla haijakauka.
Ana mkono mzuri. Nataka nimsifu
na nataka nimnyang'anye ule mwiko.

Jioni nasimama mlangoni na kamba yangu,
wa kushoto unashuka, wa kulia unapanda,
unafika usawa wa kidevu, unakataa,
nao una haki.
Mwanangu Rukaya, miaka minne, ananihesabia kwa sauti.
Kila siku akitoka kumi na tatu
anaruka moja kwa moja hadi kumi na sita.
Simsahihishi.