Mwali wa Chuma

Fundi Evelio hakunikabidhi ufunguo.
Kwanza aliniketisha juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
akafuta mikono kwa gazeti la wiki jana,
akasema: Yorladis, injini mpya haiendeshwi. Hufundwa.

Huyu ni mwali, bado yu ndani.
Pistoni na silinda hawajazoeana,
kila mmoja ana vipele usoni ambavyo jicho halivioni.
Ringi lazima zisuguane na ukuta hadi wapatane,
na hapo katikati, ukiwapeleka kwa pupa, watachubuana,
ndoa itoe moshi mpaka uzeeni.

Basi usizidi sitini hadi kilomita mia tano.
Lakini usiende sitini tupu kama punda wa kinu:
panda, achia, panda tena, achia,
mlima umkaze, mteremko umlegeze.
Usimpakie mtu. Usimwache akinguruma pale pale
nawe umesimama mlangoni kwa watu unapiga soga.
Asubuhi mpashe moto kwanza; hata wewe
hukurupuki kitandani ukatoka mbio.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikawa naandika namba kiganjani, kama niandikavyo
shinikizo la damu la wagonjwa wangu.
Mia na kumi: njia ya kushukia Mto Cauca, jua, miwa.
Mia mbili na nne: ukungu, ng'ombe wawili,
lori la kahawa likanipita na honi ya dharau.
Kwenye mteremko hata watoto wa shule walinipita na baiskeli:
Nesi, pikipiki yako inaumwa?
Inajifunza, nikasema. Nikaachia mafuta.
Na kweli, ule mlio wa asubuhi ya kwanza,
wa kijiko kilichosahaulika ndani ya sufuria,
ulikuwa ukififia.

Mia tatu na kumi na mbili.
Saa nane za usiku, simu. Kijiji cha La Cuchilla, juu kabisa:
Deyanira, mimba ya miezi minane, damu haikatiki.
Kilomita ishirini na sita, na mvua.

Nilimpasha moto dakika moja. Hiyo nilimpa.
Kisha nikavuta mafuta hadi kiganja kikagota.

Sina namba za usiku ule; mvua iliziosha.
Najua tu kwamba mshale wa geji uliuvuka
mstari mwekundu ambao fundi aliuchora
kwa rangi ya kucha ya mkewe.
Injini ililia. Sijui kilikuwa kilio cha kuumia
au cha mtu aliyeitwa kwa jina lake mara ya kwanza.
Nami nililia naye, kila kona, nikimwomba radhi.

Deyanira aliishi.
Mtoto alikuwa mdogo kama mkate wa senti, naye akaishi.

Kwenye mia tano, fundi alifungua nati ya chini.
Oili ikateremka beseni, nyeusi,
na ndani yake vumbi la chuma likimetameta,
jingi kuliko alivyotazamia.
Akachovya kidole, akakigeuza kwenye mwanga.
Ulikwenda wapi na mtoto wa watu?

Nikamweleza.

Akanyamaza. Akaosha nati kwa petroli, taratibu mno.
Asiyefunzwa na mamaye, akaanza,
wala hakuimalizia.
Akamimina oili mpya yenye rangi ya asali,
akawasha, akainamisha sikio,
akatazama bomba la moshi kwa muda mrefu. Hakukuwa na moshi.
Akaukwangua mstari mwekundu kwa ukucha.
Kisha akaniandikia risiti: oili, lita moja; washa, moja;
na chini yake, penye kazi ya mikono,
bei kamili. Fundi ni fundi.

Hadi leo kuna kijimlio upande wa kushoto
kila ninapopanda gia ya tatu mlimani.
Kijana mmoja wa gereji ya mjini alisema
angekiondoa kwa siku moja tu.
Nikamwambia akiache.