Swali la Saba

Bi Somoe wa Kitangari
ana korosho kilo sitini.
Kauza theluthi, kampa jirani tano.
Amebakiwa na ngapi?

Darasa la nne kimya; vidole vinahesabiwa chini ya dawati.
Chilumba anatafuna kifuniko cha kalamu.

"Mwalimu, kapima kwa mizani ipi?
Maana gunia letu nyumbani lilikuwa sitini,
kufika ghalani likawa hamsini na sita,
na njiani halikutoboka."

Wakacheka. Mwalimu hakucheka:
naye ana mikorosho kumi na miwili
na stakabadhi ya msimu uliopita haijalipwa.

Daftarini Chilumba kaandika:
Thelathini na tano, kama Bi Somoe
hakutoka nyumbani kwake.

Vema ya wino mwekundu.
Kando yake, kwa penseli:
hizo nne, tuzitafute wapi?