Karatasi ya Majina

Padri Gavrila hana sauti nzuri.
Hukohoa katikati ya zaburi, na theluji
ya viatu vyake hugeuka kidimbwi mbele ya altare.
Jana alikuwa juu ya paa la kanisa, misumari mdomoni,
akirudisha vigae vya mbao vilivyong'olewa na upepo;
mkewe chini, kashika ngazi, anamgombeza.

Ukiuliza padri ni nani,
sisi wa milima ya Maramureshi hatufungui kitabu.
Tunakuonyesha karatasi.

Kila Jumapili twampa: kushoto walio hai,
kulia waliolala. Husoma yote, jina kwa jina,
hata la jirani niliyemnunia tangu ugomvi wa matufaha,
hata la mbwa, siku mtoto wa Irina alipolichomeka.
Alilisoma bila kutabasamu, akaendelea.

Mimi nina jina lisilo na upande.
Toaderi, ndugu yangu, alikwenda Torino kujenga nyumba za watu.
Mwaka wa kumi na moja huu: hana barua, hana kaburi.
Nikamwandika kushoto, nikafuta.
Kulia, mkono ulikataa.

"Mwandike katikati," akasema padri,
akipangusa miwani kwa pindo la kanzu.
"Alipo sipajui. Sikuwekewa mikono kichwani ili nijue.
Niliwekewa ili nimtaje."

Basi akishamaliza walio hai,
kabla macho hayajavukia kwa wafu,
kikohozi hukatika,
huvuta pumzi:

Toaderi.

Na yule jirani, nimemwona,
hugeuka kutazama mlango.