Mizinga ya Itaga

Jumapili, wenzangu wakishika njia ya kanisa
na wengine njia ya kilabuni,
mimi nashika njia ya Itaga kwa baiskeli.
Nyuma nimefunga jembe fupi, matobolwa ya kutafuna
na mashine yangu:
mpini wa ufagio, waya wa shaba niliouzungusha mara sitini,
matumbo ya redio ya marehemu mjomba.
Ikisikia chuma hulia kama mbu.
Isiposikia hunung'unika tu, kama mimi.

Zuwena huniuliza,
"Mume wangu, katika vita vya watu umesahau nini?"
Sina jibu. Mwingine hufuga njiwa,
mwingine hukesha na bao.
Mimi chini ya kitanda nina boksi la viatu:
maganda ya risasi mia moja na kumi na tatu,
kifungo chenye taji, kifungo kilichofutika,
bati la samaki lililoliwa na kutu,
nusu ya kijiko.
Kijiko ndicho nikipendacho.
Aliyekishika alikuwa na njaa, basi; taifa lake sijali.

Misigalo, mrina asali, ndiye aliyenionyesha mahandaki.
Siku hizi ni mikunjo tu ardhini,
mitundu imeota humo, imenenepa.
Aliinua kidole: "Ule juu mzinga wangu."
Akakishusha: "Na hapa chini ulikaa mzinga wao."
Akacheka peke yake.
Nilitembea hatua kumi ndipo nikacheka,
kumi nyingine nikanyamaza.
Neno moja, asali na baruti.
Yote miwili ni gogo lenye tundu,
yote hunguruma,
na yote, ukiiendea vibaya, utakimbia.

Mwaka jana tulifukua kitu kizito chenye ncha.
Nikasema usiguse. Misigalo akagusa.
Tukarudi nyuma kwa makalio, polepole,
kama watoto washukao ngazi.
Wakaja askari, wakatugombeza mpaka jioni,
kisha wakakilipua,
na mizinga mitatu ikaanguka kutoka mitini, nyuki wakahama.
Vita vile, kumbe, vilikuwa na deni bado,
na wa kudaiwa akawa mrina asali.

Babu wa baba yangu alipita huku.
Hakuwa na bunduki; alikuwa na kichwa,
na juu ya kichwa sanduku la risasi hizi hizi ninazozihesabu.
Kwetu habari zake ni sentensi moja:
Kashindye alikwenda na mzigo.
Nimeitembeza mashine ekari baada ya ekari
nikimtega ndani ya ule mlio,
mpaka juzi, nimechuchumaa, jua la utosi,
likanijia jambo la kijinga:
mashine husikia chuma,
na chuma hakikuwa chake, alikibeba tu.
Ngata huoza.
Nyayo za mtu pekupeku mvua moja huzimaliza.

Nikaingia kichakani kukojoa, nikajikwaa.
Jiwe. Kando yake jingine.
Nikapapasa majanini: la tatu.
Mafiga,
meusi upande wa ndani.
Nikayapitishia mashine. Kimya.
Nikaipiga kofi, nikapitisha tena. Kimya.
Misigalo akainama, akayatazama sana.
"Si yetu haya. Sisi hatupiki bondeni."
Akajikuna shingo. "Au labda."
Ndivyo ilivyo, ushahidi sina,
na wa makumbusho wakija sitawaita huku.

Tukakusanya vijiti.
Kisufuria kilikaa juu ya mawe yale bila kuyumba,
kana kwamba kiliondolewa jana.
Sukari tulisahau; Misigalo akatia asali.
Moshi ukatufukuza huku na huku,
tukawa tunahama nao, vikombe mkononi, bila kusema.

Nyumbani Zuwena akapapasa mifuko ya koti langu.
"Leo umepata nini?"
"Chai."
Akalinusa shati, hakuuliza la pili.
Kwa ncha ya mguu akalisukuma boksi
lirudi ndani zaidi, chini ya kitanda.